Kifuniko na Kinachofunikwa

Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mkakasi ni kikopo kidogo cha kuchongwa, chenye nakshi na rangi za kupendeza, na waliotunga methali hii walitaka tusihukumu kitu kwa uso wake. Onyo lao lilikuwa jema. Lakini limekaa vichwani mwetu muda mrefu hata limezaa tabia nyingine isiyo njema sana, yaani kushuku kila kifuniko. Ukuta ukipakwa rangi, twasema una nyufa. Mtu akivaa vizuri, twauliza deni lake liko duka gani. Mwenye maneno ya adabu twamwita mnafiki kabla hajamaliza salamu. Je, shuku hii ni ya haki? Je, kufunika ni kudanganya? Swali la namna hii likiachwa hewani huwa moshi mtupu. Kwa hiyo, msomaji, nitalifunga katika kitu kimoja kinachoshikika. Kitu hicho ni chuma cha hospitali, pamoja na koti jembamba la kaboni ambalo mafundi wa zama zetu wamejifunza kukivika.

Tuanze na chuma chenyewe, nasi tukianzie papa hapa penye Mlima Kenya. Zamani, kabla ya chuma cha dukani kufika, mhunzi wa Wakikuyu, ambaye kwa lugha yao huitwa muturi, alipata madini yake mitoni. Mchanga mweusi wenye chuma ulioshwa, ulio mwepesi ukachukuliwa na maji na ulio mzito ukabaki. Kisha ukachomwa kwa moto wa makaa uliopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Jomo Kenyatta aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938, naye alieleza pia jinsi laana ya mhunzi ilivyoogopwa. Sishangai kwamba iliogopwa. Mtu aliyejua kugeuza mchanga kuwa kisu hakuwa mtu wa kukosewa adabu.

Chuma cha mhunzi yule kilikuwa na sifa moja ambayo wapinzani wa vifuniko hupenda kuitaja: hakikuficha kitu. Panga la leo katika mashamba ya kahawa ya Mathira lina sifa iyo hiyo. Likiachwa kwenye umande, huamka na kutu, na kutu ile humsema mwenye panga mbele ya majirani kwamba jana alikuwa mvivu. Atalinoa juu ya jiwe, litang'aa, na siku akilisahau litamsema tena. Yaweza kudhaniwa, basi, kwamba chuma kilicho uchi ndicho chuma kisemacho kweli, na kwamba wanadamu walipoanza kutafuta chuma kisichoshika kutu walikuwa wakitafuta njia ya kuficha uvivu wao.

Chuma kisichoshika kutu kilitokea katika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, mikononi mwa Harry Brearley. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akaona kwamba chuma alichokitia kromi kwa wingi hakikuliwa na asidi kama vingine. Watu wengi hufikiri kwamba chuma hiki hakipati kutu kwa sababu ni kigumu, au kwa sababu kimesuguliwa kikang'aa. Sivyo. Kromi iliyomo, ikifika kama kumi na nusu katika mia au zaidi, huungana na oksijeni ya hewa mara uso wa chuma unapofunuliwa, ikafanya utando usioonekana, wa unene wa nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukiukwaruza utando huo, hujifunga tena wenyewe. Kwa hiyo chuma tunachokisifu kuwa safi na wazi, chuma cha vijiko vya wageni na makasi ya daktari, nacho kimevaa. Kimejivika chenyewe tu, bila kungoja fundi.

Hapa wapinzani wa vifuniko wamekwisha kupoteza nusu ya kesi yao. Chuma kilicho safi kweli, kisichovaa kitu, hakikai hewani hata dakika moja. Jino nalo limevaa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na mwili mzima umevaa ngozi. Atakayetaka ulimwengu usio na vifuniko aanze kwa kujichuna. Kilichobaki cha kuuliza ni kifuniko gani, juu ya nini, na kwa faida ya nani.

Kanzu ya kromi ina adui mmoja mkuu, naye ni chumvi. Kloridi iliyomo katika chumvi hutafuta mahali palipo dhaifu katika utando, ikapenya, ikachimba shimo dogo. Shimo likishaanza huendelea kwenda chini huku kinywa chake kikibaki chembamba, hata chuma chaweza kuwa kimeliwa ndani na juu bado chang'aa. Mafundi huongeza molibdeni, mbili hadi tatu katika mia, ili kuzuia balaa hii, na chuma cha namna hiyo hutumika kwa vyombo vinavyoachwa ndani ya mwili. Msaada huo ni mkubwa, lakini haumalizi vita, kwa maana mwili wa binadamu ni bahari ndogo. Damu ina chumvi, jasho lina chumvi, mate yana chumvi.

Na hospitali huongeza klorini kwa mkono wake yenyewe. Kwa miaka mingi wauguzi wa Kenya wamefundishwa kutumbukiza vyombo vilivyotumika katika maji ya klorini ya nusu katika mia, kwa dakika 10, kabla ya kuviosha na kuvitia katika chombo cha mvuke wa digrii 121 au 134. Dakika 10 hizo zina maana pande zote mbili. Zikipungua, kijidudu huenda kikabaki hai. Zikizidi sana, chuma huliwa. Fikiri, basi, wodi ya usiku katika mji wo wote wa mlimani, iwe Karatina au Kerugoya, Chuka au Nanyuki. Muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Mama mmoja anajifungua na mwingine anatoka damu. Makasi yaliyotiwa majini saa nne ya usiku yakumbukwa alfajiri. Yatafutwa, yatang'aa, yatarudishwa katika trei. Nani atajua? Mashimo yale ni madogo kuliko ncha ya sindano. Lakini ndani ya shimo kama hilo damu hukauka, na damu kavu humkinga kijidudu asifikiwe na mvuke.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo letu. Mnunuzi wa viazi katika soko la Karatina huvigeuzageuza, akatoboa kimoja kwa ukucha, akapunguza bei, akaenda zake asiporidhika. Aliyelala katika kiti cha daktari wa meno, kinywa wazi, haoni ila taa. Aliyetiwa dawa ya usingizi haoni hata hiyo taa. Mpanda bodaboda aliyevunjika paja katika barabara ya Nyeri na Nanyuki hufungiwa bamba la chuma na skrubu ndani ya nyama yake, na jeraha likishonwa hapana jicho litakaloliona bamba lile kwa miaka, pengine mpaka kaburini. Pale kichwa cha skrubu kinapokutana na bamba pana ufa mwembamba; maji ya mwili hutuama humo, nayo hula chuma kuliko mahali pengine. Jambo hili limeonekana mara nyingi katika vyuma vilivyotolewa mwilini. Chuma kikiliwa hutoa nikeli. Walio wengi hawapati dhara la kuonekana. Lakini wako watu ambao miili yao huichukia nikeli, na hao ni wanawake zaidi, waliokwisha kuzoeshwa chuki hiyo na herini za bei rahisi.

Basi tunamtafutia mtu asiyeweza kuona kinga dhidi ya kitu kisichoonekana. Ndipo wataalamu walipoifikiria kaboni.

Kaboni, msomaji, umeijua tangu utotoni. Ni makaa ya jikoni, ni masizi ya chungu, ni kiini cheusi cha penseli yako, na ni almasi ya pete ya tajiri. Tofauti yao ni namna chembe zao zilivyoshikana. Mwaka 1971 wataalamu wawili wa Marekani, Aisenberg na Chabot, walitangaza habari za utando wa kaboni wenye tabia nyingi za almasi: mgumu, wenye kuteleza, usiojali asidi wala chumvi. Almasi kamili haikuwa. Chembe zake nyingine zimeshikana kama za almasi na nyingine kama za penseli, zote zimechanganyika bila safu, kama watu katika gulio. Mwili huupokea utando huo bila ugomvi mkubwa. Hata kabla yake, kaboni ya namna nyingine, iliyopikwa kwa joto kali, ilikuwa imeanza kutumika kutengeneza vali za moyo mwishoni mwa miaka ya 1960, na vali hizo zimepiga kazi ndani ya vifua vya watu kwa miongo mingi.

Kuna jambo hapa lanipendeza kuliko yote niliyoyataja. Ndani ya chuma hiki, kaboni ni adui. Fundi wa chuma cha mwilini huipima kwa ubahili, isizidi sehemu tatu katika elfu kumi. Kwa maana ikizidi, na chuma kikapata moto wa kuchomelea, kaboni huinyang'anya chuma kromi yake pembezoni mwa punje zake, na pale paliponyang'anywa hapana kanzu tena. Kitu kile kile, ndani ni mwizi na nje ni mlinzi. Walimu wanaotufundisha kwamba kitu ni chema au ni kibaya kwa asili yake tu, popote kilipo, wangefanya vema kukaa siku moja katika karakana.

Koti lenyewe huvikwa hivi. Chombo huwekwa katika chumba cha chuma, na hewa hutolewa mpaka karibu ya kwisha. Kabla ya jambo lo lote gesi ya argoni hutiwa umeme, na chembe zake huupiga uso wa chuma kama mvua ya mawe, ziung'oe uchafu hata ule usioonekana kwa macho. Alama ya kidole cha fundi, chembe ya vumbi, tone la mafuta, cho chote kikibaki, koti litabanduka mahali hapo. Kisha hutangulizwa tabaka jembamba la silikoni au la kromi, kwa sababu kaboni na chuma hiki havishikani vema vikikutana ana kwa ana. Tabaka hilo ni mshenga kati yao. Mwisho huingizwa gesi yenye kaboni, kama asetilini ile ya wachomeleaji, umeme ukaivunjavunja, na kaboni ikatua juu ya chuma chembe kwa chembe, bila joto la kulegeza makali. Likikamilika, koti huwa na unene wa mikromita moja hadi tano hivi, na unywele wa kichwa chako una kama sabini. Wala usidhani kwamba koti nene lingekuwa bora. Utando huu huzaliwa umejikaza ndani yake, na ukizidishwa unene hujibandua wenyewe.

Linganisha sasa koti hili na rangi ya mkakasi. Rangi ya mkakasi hupakwa ili mnunuzi asiulize habari za mti. Koti la kaboni halishiki mpaka chuma kimekwisha kuulizwa habari zake zote na kusafishwa. Rangi ya mkakasi imemwelekea mtazamaji. Koti la kaboni limemwelekea asiyetazama, wala halina uzuri wa kumvuta mtu: ni jeusi, kama kitako cha chungu. Yule atakayefaidiwa nalo hatalisifu, kwa sababu hatajua kwamba lipo. Ikiwa jambo hili ni udanganyifu, basi ni udanganyifu wa ajabu, maana anayedanganywa ndiye anayelindwa, na anayedanganya hapati hata asante.

Laiti jambo lingeishia hapo, insha ingekuwa fupi na sisi tungekuwa na furaha. Lakini sikiliza yaliyotokea Ulaya.

Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa huko mipira ya kuweka katika nyonga za watu, nayo ilivikwa kaboni ya namna hii. Ilikuwa ya titani, si ya chuma chetu, lakini koti lilikuwa la ukoo ule ule. Katika mashine za maabara koti hilo lilizungushwa na kusuguliwa, likaonekana halilikalika. Huko Ujerumani wagonjwa 101 waliwekewa mipira hiyo kati ya mwaka 1993 na 1995. Mwanzo hapakuonekana tofauti kati yao na wale waliopewa mipira ya namna nyingine. Miaka ilipopita koti likaanza kubanduka, na mpira uliokwaruzika ukaisaga plastiki iliyokuwa upande wa pili. Kabla ya miaka tisa kwisha, karibu nusu ya mipira hiyo ilikuwa imeharibika na wenyewe wamehitaji kupasuliwa tena. Wataalamu wa Uswisi walipoichunguza iliyotolewa, waliona kwamba kaboni yenyewe haikuwa na kosa. Aliyeoza ni mshenga. Maji ya mwili yalikuwa yamepenya kwa vitundu vidogo, yakala polepole lile tabaka la kuunganisha lenye silikoni, mpaka koti zima likawa halina cha kulishika.

Je, hapo palikuwa na uongo? Tusikimbilie kuhukumu. Mashine ya maabara ilijibu swali iliyoulizwa, nalo lilikuwa swali la kusuguana. Haikuulizwa swali la miaka minane katika maji ya chumvi, kwa hiyo haikulijibu. Nionavyo mimi, uongo haukuwamo katika koti wala katika mashine. Uongo huingia pale neno "limejaribiwa" linapotoka maabara kwenda sokoni bila kufuatana na maneno mengine mawili: kwa jambo gani, na kwa muda gani. Neno hilo likitembea peke yake ndilo rangi ya mkakasi. Yale ya nyonga hayakuwa ya kipekee. Stenti za chuma zinazofungua mishipa ya moyo nazo zilivikwa kaboni kwa matumaini makubwa, na majaribio kadhaa hayakuona kwamba ziliuzuia mshipa usizibe tena kuliko stenti za chuma kitupu. Koti lilikuwa koti zuri. Halikuwa tu dawa ya ugonjwa ule.

Mtu aliyesoma mpaka hapa aweza kutoa kanuni nyepesi, aseme: usifunike kitu usichokisafisha kwanza. Kanuni hiyo yapendeza, na katika chumba cha argoni ni kweli tupu. Lakini madaktari wa meno wana kisa kinachoitikisa. Daktari mmoja wa Scotland, Norna Hall, alikuwa akiwatibu watoto wadogo wenye magego ya utotoni yaliyotoboka. Njia ya kawaida ilikuwa kuchimba uozo wote kwa mashine, na mtoto hulia, na pengine harudi tena. Yeye akawa anachukua kofia ya chuma kisichoshika kutu, akaijaza saruji ya meno, akaisukuma juu ya jino bovu bila kuchimba wala kupiga sindano. Uozo ulibaki ndani. Yeyote angesema huo ndio mkakasi wenyewe! Lakini habari zake zilipochapishwa mwaka 2006, na wataalamu wenzake wa Scotland wakayafanyia majaribio yaliyopangwa vema, meno yale yalionekana kudumu vizuri kuliko yaliyochimbwa na kuzibwa kwa njia ya kawaida. Sababu yake ni nyepesi. Vijidudu vya uozo huishi kwa sukari. Vikifungiwa, visipate sukari, uozo husimama.

Kwa nini kifuniko hiki si cha aibu? Kwa sababu daktari yule hakufunika ili asahau. Alijua kilichomo, alijua kitakufa kwa njaa, alichagua jino ambalo moyo wake haujaguswa na uozo, naye alimwita mtoto tena baada ya miezi ili amtazame. Jino la utotoni nalo lina siku zake: litang'oka lenyewe, na siri yote itatoka pamoja nalo kiganjani. Kifuniko chake kina tarehe ya kufunguliwa. Mkakasi hauna.

Turudi sasa katika miji yetu. Tuseme kamati ya hospitali moja ya mlimani yaketi kugawa fedha, nazo hazitoshi, kama zilivyo siku zote. Muuzaji amekuja na vyombo vyeusi vilivyovikwa kaboni, naye asema havitaliwa na klorini. Bei yake yashinda ya vyombo vitupu. Wajumbe wengine wavutwa na upya wake; mmoja atoa sumaku mfukoni ajaribu kama chuma ni halisi, jambo lisilomsaidia, kwa kuwa makasi mazuri ya upasuaji hushikwa na sumaku na bamba zuri la mfupa halishikwi. Waamue nini?

Mimi ningesema hivi. Makasi, koleo na sonda za meno zina mkono wa kuziosha kila siku na jicho la kuzitazama chini ya kioo cha kukuza. Fedha za koti juu ya makasi zingefaa zaidi kumwajiri muuguzi wa pili wa usiku na kununua saa ya ukutani yenye kengele, ili dakika 10 ziwe 10 kweli. Maana koti hili lina hatari moja isiyotokana na kemia. Likisifiwa kuwa haliliwi, chombo kitaachwa majini mpaka asubuhi bila haya. Na koti likiwa na kitundu kimoja, chumvi itapita hapo hapo, ikale chini yake, na weusi wa juu utaficha hata ile alama ndogo ambayo chuma kitupu kingeionyesha. Lakini bamba lililofungiwa ndani ya paja halina mkono wa kuliosha. Halina jicho. Huko ndiko ningetaka ustadi wote wa kibinadamu uende, mahali ambapo uangalizi hauwezi kufika tena. Katika maabara chuma kilichovikwa vizuri hutoa nikeli kidogo kuliko kitupu. Na waya wa kunyooshea meno ukivikwa huteleza vema zaidi na hutoa nikeli kidogo mateni. Juu ya hayo, mauzo yo yote yaandamane na hesabu ya miaka, tena miaka ya ndani ya mwili, si ya mashine.

Wala tusizungumze juu ya jambo hili kana kwamba litabaki la wageni daima. Mjini Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kimeanzishwa kiwanda kidogo cha chipu za elektroniki, na kazi ya chipu ni kazi ya tando juu ya tando, katika vyumba ambamo vumbi ni adui wa kwanza. Chuo cha Mafunzo ya Tiba nacho kina tawi lake katika mji huo huo. Kijana anayejua kutandaza utando na kijana anayejua kuosha makasi waweza kunywa chai pamoja na kuulizana maswali. Huko Ulaya aliyevika mipira na aliyeipokea mwilini hawakujuana.

Limebaki swali la mgonjwa. Nimemwita asiyeona, na yamkini mtu akadhani kwamba asiyeona hana haja ya kuambiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari za kumwezesha kufaidika nazo, na Sheria ya Afya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe kabla hajakubali kutibiwa. Sheria ni nyepesi kuandika. Mfikirie bibi kizee wa Othaya aliyeteleza katika mteremko wa shamba la chai akavunjika nyonga. Daktari kijana aketi kando ya kitanda chake, amwite cucu kama ilivyo desturi ya huko, amweleze kwamba chuma atakachotiwa kimevikwa makaa. Cucu atacheka, kwa sababu habari za makaa anazijua kuliko daktari. Akiisha kucheka atauliza swali lile lile ambalo mashine ya maabara haikuulizwa: "Na likibanduka, mjukuu wangu?"

Daktari akiwa na haraka atasema halibanduki. Akiwa mtu wa kweli atasema, "Likibanduka, cucu, tutakupasua tena, na mara ya pili huuma kuliko ya kwanza. Lilikwisha kuwabandukia wengine. Hili limeundwa kwa njia nyingine, na mpaka sasa lina miaka kadha wa kadha ndani ya watu kadha wa kadha." Huenda cucu akakubali. Huenda pia akasema apewe kile kitupu, kilichomkaa jirani yake miaka ishirini bila neno, naye daktari itambidi akirudishe kile cheusi kabatini.